NUSU KAPUTI: MASWALI YANAYOOKOA ROHO



Ndugu yangu katika imani, uliye Kivinje, Masoko, Mchinga au Lindi mjini. Mama ameshikwa na uchungu tangu jana, daktari amesema apasuliwe, na familia bado inajadiliana: "Akipigwa nusu kaputi, ataamka kweli?" Hofu hiyo si ya kuchekwa. Ina historia, na ina majibu.

*1. Ruhusa ni ya zamani*

Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331, aliwakuta wazee wetu wakifuata madhehebu ya Imam Shafi. Imam Nawawi, nguzo ya madhehebu hayo, alikuwa amefariki miaka 54 kabla, yaani 1277 (676 Hijria). Katika kitabu chake Rawdhat al-Talibin alilitazama suala la mtu ambaye mkono wake unaoza, na kuukata kunahitaji akili iondoke kwanza. Akaona kauli sahihi zaidi ni kuwa inajuzu.

Utaambiwa kisa cha Urwa bin Zubeir, aliyekatwa mguu, na ikapokewa kwamba alikataa kinywaji cha kumpoteza fahamu. Naam, hiyo ni daraja ya subira yake, Allah amrehemu. Lakini mama mwenye uchungu hakulazimishwa kuwa Urwa.

*2. Dawa peke yake haikutosha*

Tarehe 16 Oktoba 1846, mjini Boston, Marekani, William Morton alimlaza mgonjwa kwa mvuke wa etha, akakatwa uvimbe shingoni mbele ya madaktari. Dunia ikafurahi. Lakini Januari 1848, huko Uingereza, binti wa miaka 15, Hannah Greener, alivutishwa klorofomu ili atolewe ukucha wa mguu tu. Akafa ndani ya dakika chache. Ukucha!

Ndipo madaktari wakaulizana: kinachotangulia kusimama ni moyo au pumzi? Nizam, mtawala Mwislamu wa Hyderabad kule India, aligharamia utafiti wa jambo hilo mwaka 1888 na 1889. Walibishana miaka mingi, lakini hili likawabakia: aliyelazwa hawezi kujisemea, basi lazima awepo mjuzi wa kumwangalia tangu anapolala mpaka anapozinduka.

*3. Jibu lilipita kwetu Tanzania*

Kati ya 2007 na 2008, Shirika la Afya Duniani lilijaribu karatasi ya maswali 19 katika hospitali nane. Zilikuwemo za London, Toronto, Amman, na moja ya Ifakara, hapa hapa Tanzania.

Maswali yenyewe ni mepesi. Huyu ni nani? Anapasuliwa wapi? Kuna dawa inayomdhuru? Kipimo cha oksijeni kimebanwa kidoleni na kinafanya kazi? Mwisho: sindano na vitambaa vimehesabiwa?

Matokeo yalitoka 2009. Ukizijumlisha hospitali zote nane, vifo vilishuka kutoka 15 hadi 8 katika kila wagonjwa 1,000. Haikuvumbuliwa dawa mpya. Watu waliuliza kwa sauti walichodhani tayari wanakijua.

*4. Wajibu wako*

Mtume (S.A.W) ametufundisha kwamba anayetibu bila kujulikana kwa utabibu hubeba dhamana. Hiyo ni amana ya daktari. Na wewe mgonjwa unayo yako: kusema kweli.

- Ukiambiwa usile, usile. Chakula kinaweza kupanda ukiwa umelala na kuingia mapafuni.
- Umekunywa uji, dawa ya miti shamba au kombe? Sema. Usione haya.
- Una pumu, presha, au dawa iliyowahi kukudhuru? Sema kabla hujaulizwa.
- Uliza: nitalazwa kabisa, au nitachomwa sindano ya ganzi mgongoni? Nani atakaa nami?
- Familia, msimcheleweshe mama kwa vikao. Dua inasomeka huku gari likielekea Kinyonga au Sokoine.

Wanaodhani kuuliza ni kukosa tawakkul, wajue kwamba Mwenye kuponya ni Allah, na sababu pia ni Zake.

Ewe Mola, waponye wagonjwa wetu, wape wepesi mama zetu katika uzazi, na uwaongoze wanaowatibu. Aamin.

Mtumie ndugu mwenye mgonjwa. Wallahu a'lam.