Kilio na Mpaka wa Sheria

Arusi hualikwa, maziko hujiendea. Ndiyo ada ya mwambao wetu: jeneza likipita, mpita njia huacha shughuli yake akatia bega, japo hamjui marehemu wala jamaa zake. Uwazi huu ndio heshima ya maziko, na ndio udhaifu wake pia, kwani mlango usio bawabu huingiwa na mwenye huzuni na asiye nayo. Mwenye neno zito la kuwaambia walimwengu, naye akaukosa uwanja wa kulisemea, huweza kuyafanya makaburi kuwa ndiyo uwanja wake. Hapo dola hutaka kuweka mpaka. Suali ni kwamba mpaka huo uwekwe wapi, na kwa ajili ya nani? Mifano miwili ya historia ya karibuni yafaa kutazamwa pamoja, mmoja wa Afrika ya Kusini na mwengine wa Marekani.

Katika miaka ya 1980, vyama vikuu vya ukombozi vya Afrika ya Kusini vilikuwa vimepigwa marufuku tangu 1960, na mikutano ya kisiasa ya hadhara ilikuwa imekatazwa. Mkusanyiko mkubwa uliosalia ni mazishi. Hapo yalisemwa yasiyosemeka kwengine, na hapo ushairi ulipata hadhira yake: Mzwakhe Mbuli, aliyekuja kuitwa mshairi wa umma, alighani mazishini mbele ya maelfu. Aghalabu aliyezikwa alikuwa ameuawa kwa risasi ya polisi. Kumlilia pasi na kumtaja aliyemuua kungekuwa kilio nusu.

Tarehe 21 Machi 1985, siku yalipotimia mauaji ya Sharpeville miaka 25, polisi waliwafyatulia risasi watu waliokuwa wakielekea mazishini katika mtaa wa Langa, mjini Uitenhage, wakaua watu wasiopungua 20. Mazishi ya siku hiyo yalikuwa yamekatazwa. Tume ya Jaji Kannemeyer ilibaini kwamba wengi wa waliopigwa risasi walipigwa kwa nyuma. Miezi minne baadaye, tarehe 20 Julai, umati mkubwa ulikusanyika Cradock kumzika mwalimu Matthew Goniwe na wenzake watatu, Fort Calata, Sparrow Mkonto na Sicelo Mhlauli, waliouawa na vikosi vya usalama. Siku hiyo hiyo Rais P. W. Botha alitangaza hali ya hatari katika wilaya 36.

Mwisho wa mwezi ule ikatoka amri ya mazishi. Katika maeneo yaliyotajwa, ibada isifanywe nje. Maiti azikwe mmoja kwa wakati mmoja. Asiseme mtu ila kasisi aliyewekwa wakfu, na asiguse siasa. Pasiwe na bendera, mabango wala vipaza sauti. Waombolezaji wasiende kwa miguu bali kwa magari, tena kwa njia itakayochaguliwa na polisi. Haya ya njia na magari ni mambo ya mahali. Lakini nani aseme, aseme nini, na majeneza mangapi yaonekane pamoja ni mambo ya maana. Majeneza manne yaliyopangwa safu moja ni hotuba tosha, na serikali ililijua hilo.

Serikali haikukosa hoja. Mwezi ule ule, mazishini huko Duduza, mwanamke aliyetuhumiwa kuwa kibaraka aliuawa na umati. Na siku kumi kabla yake, katika mtaa huo huo, Askofu Desmond Tutu alilazimika kuingia kati ili kumnusuru mwanamume aliyetuhumiwa vivyo hivyo. Lakini sheria ya kuua ilikuwapo tangu zamani. Amri mpya ililenga ulimi. Tutu aliipinga waziwazi, na mwezi wa Agosti, huko Daveyton, alizungumza na polisi mpaka wakakubali kutoa mabasi ya kuwafikisha waombolezaji makaburini.

Miaka ishirini baadaye, Marekani ilikabiliwa na suali hilo hilo likiwa limepinduka. Sasa wafiwa ndio waliotaka utulivu, na waandamanaji walikuwa wageni. Kanisa dogo la Westboro, la Topeka, Kansas, chini ya Fred Phelps, lilipeleka watu wake kwenye mazishi ya askari waliofia Iraki, na mabango yakidai kwamba vifo vile ni adhabu ya Mungu kwa nchi inayovumilia ushoga. Sheria ya mwaka 2006 ilikataza maandamano ndani ya mita 90 hivi za lango la makaburi ya taifa, kuanzia saa moja kabla ya mazishi hadi saa moja baada yake. Sheria ya 2012 ikayahusisha mazishi yote ya kijeshi, na saa zikawa mbili.

Baina ya sheria hizo, baba wa askari mmoja aliyezikwa Maryland alishitaki. Mwaka 2007 baraza la mahakama lilimpa fidia ya dola milioni 10.9. Mwaka 2011 Mahakama Kuu ya nchi, majaji wanane kwa mmoja, iliamua kwamba hastahiki kitu: waandamanaji walisimama umbali wa mita 300 hivi, pale walipoelekezwa na polisi, wakazungumzia mambo ya umma. Jaji Samuel Alito peke yake alikataa, akiona uhuru wa kusema haumpi mtu ruhusa ya kumchoma mfiwa.

Hukumu hii ni chungu, na moyo humwelekea Alito. Lakini anayempa hakimu mizani ya kupima maneno ya makaburini, leo dhidi ya Phelps, ajue kuwa ni mizani ile ile iliyotumika 1985 dhidi ya mwalimu na mshairi. Mita na saa humlinda mfiwa, awe nani na awe anasema nini. Sheria ikivuka hapo ikaanza kuchagua maneno, humlinda aliye madarakani.

Yaliyobaki si kazi ya sheria. Tangu 2005, waendesha pikipiki wa Marekani wamekuwa wakienda mazishini kwa ombi la wafiwa, wakasimama safu na bendera mpaka mabango yasionekane. Hao nao wametia bega.