Kudonoa kwa kuku wa nyumbani

Kudonoa ni tendo la kuku kukigonga kitu kwa ncha ya mdomo, awe anakula, anachunguza, anafukuza au anajitetea. Katika boma ambamo kuku amelelewa karibu na watu, hasa watoto, tendo hili huhesabiwa kuwa ukali au kutojua fadhila: mtetea aliyepewa jina, akalishwa kwa mkono tangu akiwa kifaranga, leo anaupiga mkono uleule na kukimbia mtu akitaka kumkumbatia. Hukumu hiyo inamwonea kuku. Makala haya yanaitazama tabia hiyo hasa kwa kuku wa kienyeji wa Sultan Hamud na vijiji vya jirani, Kaunti ya Makueni.

Mdomo na kazi zake

Kuku hana mkono wala meno. Yote ambayo mtu huyafanya kwa vidole, yeye huyafanya kwa mdomo, na ncha ya mdomo huo imejaa neva za kuhisi mguso. Ndiyo sababu kila kigeni hupimwa kwa kudonolewa kwanza.

Ukikaa kwenye kigoda uani ukamwacha mtetea asogee kwa hiari yake, utaiona hesabu yake yote. Anasimama hatua mbili mbele yako. Anageuza kichwa upande, anakutazama kwa jicho moja, anageuza tena, anakutazama kwa la pili. Macho yake yako pembeni mwa kichwa, kwa hiyo kitu cha kuchunguzwa hukipa jicho moja moja. La kulia hupendelewa zaidi katika kutenga punje na kokoto, la kushoto katika kuangalia hatari. Kisha shingo inanyooka na mdomo unashuka: amedonoa kifungo cha shati. Kipele, kovu, ushanga wa bangili na ukucha uliopakwa rangi hupata donoo hilo hilo. Kila kidogo kinachong'aa ni punje mpaka ithibitike si punje.

Wako wanaojipaka pilipili mkononi ili kumkomesha. Haisaidii. Ndege hawahisi ule mwasho wa pilipili unaomsumbua mtu au mbwa, na wafugaji wengi huitia kwenye maji ya kuku nao wakayanywa bila taabu.

Kwa nini hukataa kushikwa

Kuku wa nyumbani ametokana na kuku mwitu mwekundu (Gallus gallus) wa misitu ya kusini na kusini-mashariki mwa Asia, mnyonge anayewindwa na karibu kila mla nyama. Maelfu ya miaka ya kufugwa hayajamtoa hofu hiyo, na Ukambani haijapungukiwa na sababu za kuiweka hai: mwewe huzunguka juu ya uwanja mchana, nguchiro na kicheche hunyemelea vichakani. Jogoo ana mlio mmoja wa adui wa angani na mwingine wa adui wa ardhini, na kila mlio hujibiwa kwa namna yake. Ukisikika ule wa angani, vifaranga hupotea chini ya vichaka kabla mtu hajainua macho.

Mkono wa binadamu unaomshukia kuku mgongoni unatoka njia ile ile ya mwewe. Kumpapasa kichwa kwa upendo, kwa jinsi anavyoona yeye, ni kumvamia.

Kukumbatia kuna ubaya wa pili, mkubwa zaidi. Kuku hana kiwambo cha kupumulia kama mtu. Hewa huingia na kutoka kwa kupanuka na kusinyaa kwa kifua chote. Mtoto akimbana kifuani kwa mapenzi, anamziba pumzi. Kuku anayepiga mabawa na kudonoa mkono wakati huo anapigania hewa, na mwenye kumpenda ingefaa alijue hili kabla ya mengine yote.

Kutulia nako hudanganya. Kuku akilazwa chali au akigandamizwa chini huweza kukauka kimya kwa dakika kadhaa, macho wazi. Mtaalamu Athanasius Kircher alilieleza jambo hili mwaka 1646, akimlaza kuku chini na kuchora mstari wa chaki mbele ya mdomo wake. Mstari hauna nguvu yoyote. Kukauka huko ni hofu ya mwisho, ile ya mnyama aliyekamatwa anayejifanya mfu ili apate mwanya. Kuku wa sokoni waliofungwa miguu na kubebwa vichwa chini hunyamaza kwa woga wa aina hiyo, na kuwabeba hivyo kunawaumiza.

Ishara nyingine inayosomwa vibaya ni kuchutama. Mtetea aliyekaribia kutaga hujibanza chini na kutanua mabawa kidogo mkono unapomkaribia. Wengi hufurahi wakidhani anaomba kupapaswa. Anafanya vile afanyavyo mbele ya jogoo.

Kuzoea mtu hutegemea sana siku za kwanza. Douglas Spalding, Mwingereza, aliandika mwaka 1873 kwamba kifaranga hukifuata kile anachokiona kikitembea punde baada ya kuanguliwa; Konrad Lorenz alilieneza wazo hilo katika miaka ya 1930. Kifaranga wa kienyeji huanguliwa chini ya mama, na mama ndiye anayeandikwa moyoni mwake. Wale wanaonunuliwa wakiwa wa siku moja na kulelewa kwenye boksi lenye taa ndio humfuata mtu mpaka jikoni.

Nani humdonoa nani

Mnorwe Thorleif Schjelderup-Ebbe, aliyeanza kuwaangalia kuku akiwa bado mtoto, alionyesha katika tasnifu yake ya 1921 kwamba kundi lina ngazi: wa juu humdonoa wa chini yake, naye humdonoa aliye chini zaidi, mpaka wa mwisho asiye na wa kumdonoa. Ngazi ikishatulia, ugomvi hupungua. Donoo moja, au kutazamwa tu, kunatosha. Mgeni huivuruga. Waswahili husema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba hiyo humzuia kutoroka huku wenyeji wakimpangia nafasi yake kwa midomo.

Mtu anayeishi na kuku kila siku anaweza kuingizwa katika ngazi hii. Hilo huonekana wazi kwa jogoo.

Jogoo

Jogoo aliyelelewa kwa kubebwabebwa ndiye hatari kuliko wote, kwa kuwa hana tena woga wa mtu na anamwona kama jogoo mwenzake. Hushusha bawa moja, huzunguka kwa hatua za pembeni, kisha huruka na kupiga kwa kipi cha mguu. Kuchi, kuku warefu wa pwani wanaojulikana Lamu na Tanzania, wana sifa hii zaidi. Jogoo huyohuyo akipata mdudu huwaita mitetea kwa sauti laini, akimdonoa na kumdondosha mpaka mmoja wao aje amle.

Kuatamia

Koo anayeatamia hudonoa mkono wowote unaoingia kiotani, hata wa mwenyewe. Kuatamia hudumu siku 21, na ukali huendelea wakati wa kulea vifaranga.

Kudonoana manyoya

Hutokea zaidi kwa kuku wa mayai waliosongamana bandani, wasio na pa kuchakura, au waliopungukiwa protini na chumvi. Wafugaji wengi hukata ncha za midomo, jambo chungu ambalo kuku wa uani hana haja nalo.

Sultan Hamud

Mji uko kando ya barabara kuu ya Nairobi na Mombasa na umepewa jina la Hamoud bin Mohammed, Sultani wa Zanzibar kuanzia 1896 hadi 1902, aliyetembelea ujenzi wa reli. Ni nchi kavu ya mahindi, kunde, mbaazi na pojo. Kuku wa kienyeji huachiliwa asubuhi, wakachakura kutwa wakitafuta mchwa na mabaki ya mavuno, na jioni hurudi bandani au jikoni. Kuku wa namna hii humjua mtu kwa sauti ya kumwita na kwa mlio wa punje kwenye sufuria. Ukaribu wake ndio huo: kukufuata, kuchakura miguuni pako, kujitandaza vumbini kando ya kigoda chako akiwa amefumba jicho.

Kumzoesha

Mtu huketi chini, mkono ukiwa umefunguliwa chini ya kifua cha kuku, mtama kiganjani, bila kumfukuza. Akishikwa, kiganja hukaa chini ya kifua, miguu ikipata pa kusimama, na mabawa hufunikwa kwa mkono wa pili bila kubana.

Hali ya sasa

Kuzoea mkono husaidia pia siku ya chanjo. Chanjo ya kideri, ugonjwa ambao wengi huuita Newcastle, hutengenezwa nchini na taasisi ya serikali ya KEVEVAPI. Hudondoshwa jichoni, tone moja kwa kila kuku, na hurudiwa kila baada ya miezi 3 hivi. Wafugaji wengi huwashika usiku, kwa kuwa gizani kuku haoni vizuri na hashindani. Aliyezoea mkono huchanjwa hata mchana.