Sheshe na Maji ya Kilombero

Mtu akisimama Ifakara na kutazama upande wa kusini, mbele yake uko mto Kilombero, na ng'ambo ya mto, mbali, iko milima ya Mahenge. Nyuma yake iko milima ya Udzungwa. Katikati pana bonde tambarare kama mkeka uliotandikwa, na kila mwaka sehemu kubwa ya bonde hilo hugeuka kuwa kama ziwa. Leo nataka kuwasimulieni habari za bonde hili, na hasa za mnyama mmoja aitwaye sheshe, kwa maana yaliyompata yeye ndiyo yaliyoipata nchi yenyewe.

Sheshe ni wa jamii ya kuro, ila ni mdogo kuliko kuro. Rangi yake ni nyekundu ya kung'aa kama dhahabu, na wenye pembe ni madume tu. Hapendi kwenda mbali na maji. Wakati wa masika, Ruhuji, Mnyera, Mpanga na vijito vya Udzungwa huleta maji mengi hata nyasi za bondeni zikafunikwa, naye hujisogeza kandokando, karibu na miti ya miombo. Maji yakianza kushuka huyafuata, akila majani mabichi yanayochipuka matopeni. Basi ana makao mawili, ya masika na ya kiangazi, na akikosa moja lile la pili halimfai.

Watu wa kale nao walifuata maji. Wandamba walikuwa wavuvi na mafundi wa mitumbwi. Kiangazi walipiga kambi ukingoni mwa mto wakavua kambale na perege, na maji yalipopanda walihama. Wambunga waliingia bondeni katika karne ya 19, zamani za vita vya Wangoni, wakashika Ifakara. Sisemi kwamba wazee hao hawakuua wanyama. Waliwinda viboko na tembo, na pembe nyingi zilikwenda pwani pamoja na misafara. Lakini walikuwa wachache katika nchi kubwa.

Tena wakawa wachache zaidi. Vita vya Maji Maji vilipozuka mwaka 1905, askari wa Wadachi walichoma mashamba na maghala ya chakula, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Mahali pengi palipokuwa pakilimwa pakaota majani. Yafaa tulikumbuke jambo hili tusikiapo watu wakisema habari za pori ambalo tangu asili halikuguswa na mkono wa mtu. Pori jingine lilimea juu ya mahame ya vijiji. Mwaka 1952 Serikali ya Waingereza iliweka sehemu kubwa ya bonde chini ya sheria ya kuzuia uwindaji, lakini kukaa na kulima hakukukatazwa.

Mwaka 1989 wataalamu waliwahesabu wanyama kwa kuruka na ndege, wakakadiria kuwa sheshe wa Kilombero ni zaidi ya 50,000. Idadi hiyo ilikuwa zaidi ya nusu ya sheshe wote duniani. Waliobaki walikuwa hasa katika nchi ya Zambia.

Lakini mambo yalikuwa yamekwisha kugeuka. Kiwanda cha sukari kilijengwa upande wa Kidatu katika miaka ya 1960. Kisha kati ya mwaka 1970 na 1975 Watanzania, Wazambia na Wachina walijenga reli ya TAZARA, nayo ikapita Ifakara na Mlimba chini ya milima. Vijiji vikapangwa kando ya reli, wageni wakaja kutafuta ardhi, na mchele wa Ifakara ukapata njia ya kwenda Dar es Salaam. Mashamba ya mpunga yakaenea pembeni mwa bonde, palepale sheshe alipokimbilia wakati wa masika. Baadaye wakaja wafugaji na makundi makubwa ya ng'ombe. Wengi walifika baada ya kuondolewa Usangu mwaka 2006. Ng'ombe wakala nyasi za kiangazi. Hivyo sheshe alinyang'anywa makao yote mawili, na idadi yake ikashuka sana.

Wakulima husema kosa ni la ng'ombe, wafugaji husema ni la trekta. Mimi naona kila mmoja amesema nusu ya kweli, ile inayomhusu mwenzake.

Mwaka 2002 bonde liliandikwa katika orodha ya Mapatano ya Ramsar, yanayohifadhi nchi za majimaji duniani. Mwisho wa mwaka 2012 wafugaji na mifugo yao waliondolewa kwa nguvu, wengine walirudi. Mwaka 2023 sehemu kubwa ya bonde ikafanywa Pori la Akiba. Sababu moja ni maji: zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji hutoka Kilombero, nayo ndiyo yanayojaza bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kutoa umeme mwaka 2024.

Ndani ya mipaka hiyo mipya palikuwa na mashamba ya mpunga ambayo wenyewe walikuwa wameyalima miaka mingi, wakalala kwenye madungu kuwafukuza ndege na nguruwe, na kuwasomesha watoto kwa mavuno yake. Hao nao, kama sheshe, waliambiwa wasogee pembeni, na pembeni palikuwa pamekwisha kujaa.