Kibarua Kilikuwa Karatasi

Kibarua lilikuwa jina la karatasi kabla halijawa jina la mtu. Ni barua ndogo: katika karne ya 19, Unguja hasa, mfanyakazi wa kutwa alikabidhiwa cheti, akakirudisha siku ya kulipwa. Cheti kile kilikuwa kitu duni, chepesi kupotea, lakini kilimpa mwenyewe kitu ambacho mitambo mingi ya mahudhurio ya leo haimpi: ushahidi mkononi. Asiyelipwa alibaki nacho.

Nchini Kenya, kipande kiliyageuza mambo. Sheria ya 1915, iliyotekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, ilimlazimisha mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi kubeba karatasi yenye alama za vidole ndani ya kikebe cha bati shingoni, kama kengele ya mbuzi, ndivyo waliokivaa walivyolalamika. Tarehe za kuanza na kuacha kazi ziliandikwa na mwajiri. Asipotia sahihi ya kuacha, mtu alihesabiwa mtoro. Karatasi ilikaa kifuani pa mfanyakazi, lakini kauli ilikuwa ya tajiri.

Leo kadi ya mahudhurio ya RFID, isomwayo kwa mawimbi ya redio, ni mrithi wa kipande hicho. Ikigusishwa langoni, kwa kawaida hutoa namba tu. Katika mitambo mingine saa huandikwa na kompyuta ya bodi moja, kama Raspberry Pi iliyoanza kuuzwa 2012. Na matoleo mengi ya kompyuta hiyo hayana saa yenye betri, huuliza wakati kwenye intaneti. Umeme ukikatika usiku na mtandao usirudi, aliyefika kazini saa kumi na mbili alfajiri huenda akaandikwa amefika jana usiku. Wapo watakaosema nyapara na daftari lake alipendelea jamaa zake, akaandika na majina hewa. Ni kweli, na mashine haina wajomba. Ila mwenye ufunguo wa faili anao, naye aweza kurekebisha saa bila kuacha wino, hali kuli aliyetoka langoni hana cha kumwonyesha mtu. Basi anayefunga mtambo huo atie saa yenye betri, na pembeni aweke printa ndogo ya risiti. Kila agusishaye kadi aondoke na kibarua chake.