Nagpur: Sikukuu Moja, Viapo Viwili

Kila mwaka sikukuu ya Kihindu ya Dussehra inapowadia, jiji la Nagpur katikati ya India hupokea halaiki mbili. Upande mmoja hupita kwa gwaride wanaume waliovaa sare, wanachama wa RSS, shirika mama la utaifa wa Kihindu lililoasisiwa jijini humo siku ya sikukuu hiyo mwaka 1925 na tabibu wa tabaka la Brahmini, K. B. Hedgewar. Upande wa pili, uwanja wa Deekshabhoomi hufurika Wadaliti, watu ambao kwa karne nyingi waliitwa wasioguswa. Wao huadhimisha Dussehra ya Oktoba 14, 1956, siku kiongozi wao, B. R. Ambedkar, alipouacha Uhindu na kuingia Ubuddha pamoja na mamia ya maelfu ya wafuasi wake.

Kilichomfikisha hapo kilianzia majini. Machi 1927, mjini Mahad, Ambedkar aliongoza maelfu ya wenzake hadi bwawa la Chavdar. Halmashauri ya mji ilikwishaamua kwamba ni la wote, lakini Wadaliti walikuwa bado wakizuiwa. Aliinama, akateka maji kwa viganja, akanywa. Siku hiyohiyo wenzake wakapigwa, na baadaye watu wa matabaka ya juu wakalitakasa bwawa kwa kumimina humo maziwa, mavi na mkojo wa ng'ombe. Mkojo wa mnyama ulitakasa; kiganja cha binadamu kilinajisi.

Watetezi wa utaifa wa Kihindu hawakunyamaza wote. V. D. Savarkar, aliyechapisha kitabu cha Hindutva mwaka 1923, alisimama nyuma ya hekalu la Ratnagiri lililofunguliwa 1931 kwa Wahindu wa matabaka yote. Shabaha yake ilikuwa Wahindu wawe taifa moja lenye nguvu. Ambedkar alitaka matabaka yenyewe yang'olewe na mizizi yake. Ndiyo maana Desemba 1927 kitabu cha sheria za kale za matabaka, Manusmriti, kilichomwa moto hadharani katika mkutano wake huko Mahad.

Tofauti hiyo haijazikwa. Novemba 1989, jiwe la msingi la hekalu la mungu Ram huko Ayodhya, lililodaiwa na watetezi wa utaifa wa Kihindu, liliwekwa na Mdaliti, Kameshwar Chaupal. Mwaka 2017 chama tawala cha utaifa wa Kihindu, BJP, kilimfikisha Mdaliti mwingine, Ram Nath Kovind, kwenye urais. Lakini Julai 2016 huko Una, katika Gujarat walikotoka mababu wa Wahindi wengi wa Afrika Mashariki, vijana wa Kidaliti waliokuwa wakichuna ng'ombe mfu walifungwa kwenye gari na kuchapwa na watu waliojiita walinzi wa ng'ombe. Wenzao wakajibu kwa kubwaga mizoga mbele ya ofisi ya serikali. Mzigo waliotwikwa na tabaka wakautua mlangoni.

Mwaka 2024, miezi mitano haijatimia tangu hekalu la Ram lizinduliwe, wapiga kura wa Faizabad, jimbo lenye Ayodhya ndani yake, waliiangusha BJP na kumchagua Mdaliti, Awadhesh Prasad.

Anayetaka kuwaita Wadaliti ndugu na aanzie kisimani. Anywe nao kwa chombo kimoja, kisha ndipo awaombe kura.