Conrad na Wakala Wake

Mwandishi chipukizi akishamaliza mswada wake hujiuliza aupeleke kwa mchapishaji gani. Ni mara chache ajiulizapo aupeleke kwa mkono wa nani. Kwetu wengi wamezoea kwenda wenyewe, bahasha kwapani. Lakini Uingereza kazi ya kuwa mkono wa mwandishi imekuwa na wenyewe tangu robo ya mwisho ya karne ya 19. Neno wakili limekwisha kushikwa na watu wa mahakama, basi mtu huyu tutamwita wakala. Mskoti A. P. Watt, aliyekaa London, ndiye ahesabiwaye kuwa wa kwanza kuifanya kazi hiyo kwa ukamilifu: alimtafutia mwandishi mchapishaji, akapatana bei, akapokea fedha, akakata asilimia 10 iliyo haki yake, na zilizobaki akampa mwenyewe. Wachapishaji hawakumpenda. William Heinemann aliwaona mawakala kuwa ni kupe.

Tunayekusudia kumzungumza hasa ni J. B. Pinker, aliyefungua ofisi yake London mwaka 1896, pamoja na Joseph Conrad, mwandishi wake. Sisi wa bara tunalo la kumkumbukia Conrad. Mwaka 1890, angali baharia, alipanda Mto Kongo hadi Maporomoko ya Stanley, ndipo Kisangani ya leo, mahali ambapo Tippu Tip alikuwa amefanywa gavana mwaka 1887. Safari hiyo ilizaa Heart of Darkness, hadithi ambayo Chinua Achebe aliishutumu vikali mwaka 1975 kwa namna inavyomwonyesha Mwafrika. Hatukusudii kuitetea hapa.

Pinker alimwandikia Conrad mwaka 1899 akitaka kumwakilisha. Conrad alimjibu kwa unyofu usio wa kawaida: yeye si mtu wa biashara, huuza kitabu kabla hajakianza, hulipwa kikiwa nusu, na nusu ya pili huingoja mpaka moyo utake. Mwingine angalikimbia. Pinker hakukimbia, na mwaka uliofuata wakapatana. Kwa maoni yetu, hapa ndipo ulipo ufaao wa wakala yule. Waliojua kuuza kitabu kilichokwisha andikwa walikuwako. Yeye alikubali kukopesha fedha kwa kitabu ambacho bado kimo kichwani. Mwaka baada ya mwaka alilipa madeni ya nyumba ya Conrad, akingoja kurasa zilizochelewa, na vitabu vilivyotoka vilisifiwa na wahakiki bali havikununuliwa sana. Kufikia mwanzo wa 1910 deni lilikuwa limefika kiasi cha pauni 2,700.

Deni la namna hiyo humfanya mkopeshaji kuwa bwana hata asipotaka. Conrad alikuwa akiandika Under Western Eyes, akaiweka kando ili aandike hadithi fupi. Pinker alitishia kukata fedha alizokuwa akimpa kila juma, naye Conrad akatamka kwamba atautupa mswada motoni. Mwishoni mwa Januari 1910 walikutana London, wakagombana. Katika ugomvi huo Pinker alimwambia kwamba hasemi Kiingereza.

Walimu wa lugha na watulie kidogo juu ya neno hilo. Conrad alizaliwa mwaka 1857 katika ukoo wa Kipoland. Kifaransa alikijua tangu utotoni, na Kiingereza alikianza akiwa mtu mzima, miongoni mwa mabaharia. Hata uzeeni matamshi yake yalimwonyesha kuwa mgeni. Lugha hiyo ndiyo iliyokuwa mali yake na chakula cha watoto wake. Juu ya fedha Pinker alikuwa na haki ya kunena. Juu ya lugha hakuwa nayo. Siku chache baadaye Conrad alianguka kitandani, akaugua kwa miezi. Mkewe, Jessie, ameeleza kwamba katika homa ile alikuwa akiweweseka kwa Kipoland, isipokuwa maneno machache makali ya kumlaani Pinker.

Alipopata nafuu mawasiliano yao yalipitia kwa Robert Garnett, mwanasheria, kwa sababu, Conrad alisema, yeye hasemi Kiingereza. Muda wa miaka miwili hivi barua zake kwa Pinker zilikuwa baridi kama za karani. Hata hivyo hakutafuta wakala mwingine, wala Pinker hakumwacha. Mwaka 1914 kitabu kiitwacho Chance kiliuzwa kuliko chochote alichopata kukiandika, na urafiki ukarudi, mkubwa kuliko wa kwanza. Pinker alifariki New York mwaka 1922, na Conrad akamfuata mwaka 1924.

Kazi ilirithiwa na Eric, mwana wa Pinker. Huyo naye alikuwa na ofisi, na jina la baba yake, na fedha za waandishi zikipita mikononi mwake. Mwaka 1939 alihukumiwa kifungo mjini New York kwa kuiba fedha za mwandishi mmoja aliyekuwa akimwakilisha.