Baba Aliuza Mji, Mtoto Akalipa kwa Vita

Wasee, tukisikia historia ya Ulaya tunafikiria tu Uingereza na Ufaransa. Leo twendeni Balkan, kwa familia ya Balšić. Hawa walitawala Zeta, sehemu ambayo leo ni Montenegro na kaskazini mwa Albania.

Mwaka wa 1355 mfalme mkuu wa Waserbia, Dušan, alikufa. Milki yake ikaanza kumeguka, na kila mkubwa akajikatia kipande. Balša na wanawe watatu hawakulala. Ndani ya miaka michache tu walikuwa wameshika Skadar, mji wenye ngome kando ya ziwa. Huo ndio ulikuwa moyo wa Zeta.

Halafu mambo yakachacha. Mwaka wa 1385 Balša wa Pili aliuawa akipigana na Waturuki. Kiti kikaenda kwa Đurađ, mtoto wa kakake. Waturuki wakamkamata 1392, na ilibidi awape Skadar ndio wamwachilie. Aliukomboa mji 1395, lakini mwaka uliofuata akawapa Venice kwa malipo ya dukati 1,000 kila mwaka.

Hapa ndipo watu hubishana. Wengine watasema alikuwa mjanja: mji ungechukuliwa tu, afadhali apate pesa. Sawa, lakini cheki kilichofuata.

Đurađ alikufa 1403. Mtoto wake, Balša wa Tatu, alikuwa kijana wa kama miaka 17 hivi. Mwaka wa 1405 akaanza vita na Venice, anautaka mji wa babake. Mamake, Jelena, alifunga safari mwenyewe hadi Venice mwaka wa 1409 kujadiliana nao. Vita vilipoisha 1412, Balša alirudishiwa miji ya Bar, Budva na Ulcinj. Skadar? Wapi! Akajaribu tena 1419. Miaka miwili baadaye akafa bila mtoto wa kiume, Zeta ikaenda kwa mjomba wake, Stefan wa Serbia. Utawala wa ukoo huo Zeta ukaishia hapo.

Watu husema Waturuki ndio waliwamaliza. Mimi nakataa. Waturuki waliwayumbisha, ndiyo, lakini kilichomla huyu kijana ni ule mkataba wa babake. Kuuza kulichukua mwaka mmoja. Kukomboa kukamaliza ujana wake wote, na mji haukurudi.

Wewe ungekuwa Đurađ, ungeuza?